Kliniki ya kwanza Marekani: nifanyeje nami nipewe majeruhi mkononi?

Binti_Pangani
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa kwanza wa masta ya utabibu wa wanamichezo hapa Marekani. Chuo kimenipeleka sekondari yenye timu ya futiboli ya Kimarekani. Msimamizi wangu ni mama mpole, kazi anaijua. Lakini tangu msimu uanze mimi ni kujaza chupa za maji, kubeba barafu na kufunga plasta vifundo vya miguu kabla ya mazoezi. Mtoto akiumia, mama anamkimbilia, anampima, anamaliza. Mimi niko nyuma yake nimeshika begi. Vipimo vya goti darasani nimefaulu vyote, ila goti lililoumia kweli sijaligusa. Nimelelewa kwamba mkubwa akiwa kazini hujipenyezi, unangoja akuite. Mliopita huku mlianzaje bila kuonekana hamna adabu?

Mkenya_Texas
Dada, pole na kazi. Siku hizi wanafunzi wanaletwa kwangu, kwa hivyo nikueleze upande wa pili. Msimamizi anaona msichana mtulivu asiyesema kitu, anadhani bado hajawa tayari, anamwacha ajifunze kwa macho. Wewe unangoja uitwe, yeye anangoja uombe. Msimu utaisha hivyo.

Mwombe, lakini si wakati mtoto analia uwanjani. Mfuate mkipanga vifaa: "Leo akija mwenye kifundo, naomba nianze mimi, wewe usimame karibu unirekebishe." Humnyang'anyi kitu, maana kanuni zenyewe zinataka awe pale pale, aweze kuingilia wakati wowote.

Ukipewa, usikimbilie kuvuta mguu. Uliza aliumiaje, mguu uligeukia wapi, alisikia mlio? Kisha shika kwanza mguu usioumia. Kuna watoto wamezaliwa na viungo vilivyolegea, na usipojua mguu wao mzima ulivyo, ulioumia utakupotosha. Halafu bonyeza mfupa: ukingo wa nyuma wa fundo la nje na la ndani, sentimita 6 za mwisho hadi nchani, kitako cha mfupa wa unyayo unaoelekea kidole kidogo, na navikula, upande wa ndani wa unyayo. Akilalamika hapo, au kama hakuweza kukanyaga hatua 4 alipoumia na hata sasa hawezi, apigwe eksirei. Bado hujavuta ligamenti yoyote, ule utepe unaounganisha mfupa na mfupa, na tayari umeamua jambo kubwa.

Goti ni gumu zaidi. Mwenzako darasani hulegeza misuli. Mtoto mwenye hofu hukaza misuli ya nyuma ya paja, na goti lililokatika ligamenti linaonekana imara. Mtulize kwanza, kisha mpime mapema kabla uvimbe haujajaa. Hilo halipatikani kwenye mdoli wa kufanyia mazoezi darasani.

Na tafadhali usiyadharau hayo maji. Mwaka 2001 Korey Stringer, mchezaji wa timu ya futiboli ya Minnesota Vikings, alifariki kwa kiharusi cha joto, yaani mwili kupata joto kupita kiasi, baada ya mazoezi ya kambini. Mchezaji akianza kuchanganyikiwa kwenye jua, joto la ndani hupimwa kwa njia ya haja kubwa, kwa sababu mdomo na kwapa hazitoi jibu la kweli. Likiwa limepita nyuzi 40, anazamishwa kwenye beseni la barafu, maji yanakorogwa bila kuacha, hadi ashuke karibu nyuzi 39. Ndipo ambulansi imchukue. Kupoza kwanza, kusafirisha baadaye, na lengo ni dakika 30 tangu aanguke. Je, unajua kwenu beseni liko wapi? Nani atamshika kwapani asizame? Nani ana ufunguo wa geti? Mwombe mama mfanye zoezi hilo wiki hii.

Wa_Uvira
Dada, mimi niko Kentucky. Kama shule yenu ina vijana wa kwetu Kongo, wale waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, utawakuta kwenye timu ya soka. Hao wanaficha maumivu kabisa, wanaogopa kutolewa. Akigongwa kichwa anasema "I'm good" na kukimbia. Muulize kwa Kiswahili, polepole: mwanga unakusumbua? Unasikia kichefuchefu? Unakumbuka nani alifunga goli? Akishukiwa tu kuwa na mtikisiko wa ubongo, siku hiyo harudi uwanjani, hata kocha apige kelele. Lakini usikubali kuwa mtafsiri peke yake. Omba umpime wewe, msimamizi akisikiliza.

Binti_Pangani
Asanteni sana. Kesho namfuata mapema. Kaka wa Texas, hicho kitako cha mfupa wa kidole kidogo nakipataje haraka?

Mkenya_Texas
Pitisha kidole gumba ukingo wa nje wa unyayo, kutoka kisigino kuelekea kidole kidogo. Katikati utagonga kinundu, ndicho hicho. Anza na mguu wako usiku huu. Kesho, kila anayekuja kufungwa plasta, mwombe ruhusa umpapase sehemu zote nne kabla hujaanza kufunga. Miguu mizima unayo mingi kila siku mbele yako, itumie.