Sentensi moja ya maelezo imetuondolea waidhinishaji sita: nyie mnaoandika nyaraka za zana za mawakala wa akili mnemba, mnatuonaje?

Ndugu wanajukwaa, nimeshikwa na hasira tangu juzi, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu.

Timu yetu hutumia huduma fulani ya kusimamia miradi ya programu, ambayo hivi karibuni imetoa zana zinazomwezesha wakala wa akili mnemba (programu inayotenda kazi kwa niaba ya mtu) kubadilisha mipangilio ya timu kupitia Model Context Protocol, ile itifaki ya kuunganisha programu za akili mnemba na zana za nje, iliyotolewa na Anthropic mnamo Novemba 2024. Nilimwagiza wakala aongeze mtu mmoja kwenye orodha ya watu wanaoidhinisha mabadiliko ya msimbo, orodha ambayo tayari ilikuwa na watu sita. Wakala akaiita zana, akatuma orodha yenye jina moja, seva ikajibu kwamba ombi limefanikiwa, naye akaniarifu kwa adabu zote kuwa kazi imekwisha. Kesho yake wenzangu sita walikuta hawawezi kuidhinisha chochote, na mwenye mamlaka hayo peke yake alikuwa mgeni aliyejiunga nasi wiki hiyohiyo.

Nikaenda kusoma maelezo ya zana ile. Yote, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta, ni haya: "Husasisha mipangilio ya timu." Hakuna mahali panaposema kama orodha inayotumwa inaongezwa kwenye iliyopo au inaifuta. Tatizo hili linajulikana miaka mingi: RFC 7396, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2014 unaohusu kurekebisha kwa kuunganisha data ya JSON (muundo wa maandishi wa kupangia data), unaeleza waziwazi kwamba orodha hubadilishwa nzima, na kwamba thamani ya null (yaani "tupu") maana yake ni kuondoa sehemu husika. Anayefuata utaratibu huo simlaumu hata kidogo. Ninayemlaumu ni yule anayeufuata kimyakimya.

Binadamu angeingiwa na shaka, akafungua ukurasa wa mipangilio au akamuuliza mwenzake wa meza ya pili. Wakala hana mwenzake wa meza ya pili. Anachokijua kuhusu zana ni jina lake, maelezo yake na vigezo vyake, yaani nafasi za kujazwa anapoiita, kwa hiyo sentensi ile ya maneno manne ndiyo mwongozo mzima aliokabidhiwa.

Kibaya zaidi nilikigundua siku mbili baadaye, pale mwenzetu mmoja alipoingia kwenye mfumo bila kuombwa namba ya uthibitisho. Kumbukumbu za matukio zilionyesha kwamba wito uleule wa kuongeza mtu ndio uliozima uthibitishaji wa hatua mbili kwa timu nzima. Kigezo cha uthibitishaji huo si cha lazima, lakini aliyeandika nyaraka amekiwekea thamani chaguo-msingi ya false (yaani "hapana"), na wakala, kama ilivyo desturi ya modeli hizi kujaza kila nafasi wanayoiona, akaituma kama ilivyoandikwa. Chaguo-msingi la timu mpya limeandikwa kwenye zana ya kurekebisha timu ya zamani! Nani alilipitia hili?

Tena, tangu toleo la Machi 2025 itifaki inaruhusu zana ijitambulishe kama inasoma tu au inaweza kuharibu, na mwandishi asipotamka lolote, zana inayobadilisha data huchukuliwa kuwa huenda ikaharibu. Wenye huduma hii wangenyamaza tu, tungepona. Wao wameitangaza kuwa haiharibu, na programu yetu, iliyopangwa iombe idhini yangu kabla ya wito wa hatari, haikuniuliza. Nakiri kwamba tokeni (ufunguo wa kuingilia mfumo) tuliyompa wakala ilikuwa na mamlaka yote ya msimamizi, na hilo ni kosa letu, tumeshaipunguza.

Nilipowaandikia, kitengo cha huduma kwa wateja kilijibu kwamba wakala wetu "hakuitumia zana ipasavyo." Ipasavyo hiyo imeandikwa wapi?

Ninachodai hakizidi dakika kumi za kazi ya mtu mmoja. Andikeni hivi: "Orodha ya waidhinishaji utakayotuma inafuta iliyopo na kuchukua nafasi yake. Ili kuongeza mtu, soma kwanza orodha ya sasa, kisha tuma yote pamoja na jina jipya. Kigezo usichokituma hakibadiliki." Ondoeni ile false, na jibu la seva lionyeshe thamani ya zamani na mpya badala ya neno moja la kufanikiwa, ili wakala mwenyewe aone kwamba sita wamekuwa mmoja kabla hajanipongeza.

Ombi langu la msaada limefungwa na kuwekewa alama ya "limetatuliwa." Nimefungua ukurasa wa zana ile kabla ya kuandika uzi huu, na maneno ni yaleyale manne.