Naomba ushauri: usalama wa mashine ya msasa yenye mkanda na sahani

Ndugu mafundi, habari za kazi. Nina karakana ndogo ya useremala hapa Dodoma, ambamo vijana wawili wanajifunza kazi, na hivi karibuni tumefunga mashine ya msasa ya kusimama, yenye mkanda wa msasa na sahani ya msasa inayozunguka.

Kwenye sahani nimewaelekeza watumie upande unaoshuka kuelekea mezani tu, kwa kuwa upande unaopanda hunyanyua kipande cha mbao na kukirusha. Glavu na mikono mirefu ya shati nimevipiga marufuku. Nafasi kati ya meza na sahani nimeibana hadi milimita 2 hivi, ili kipande chembamba kisizame na kuvuta kidole, lakini ninapoinamisha meza nafasi hiyo hupanuka. Je, wenzangu mnairekebishaje?

Linalonikosesha usingizi zaidi ni vumbi. Tunafanya kazi nyingi za mninga, na imethibitishwa kwamba vumbi la mbao linaweza kusababisha saratani ya pua. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi hulirudisha ndani, na barakoa za kitambaa, kwa maoni yangu, hazizuii lile laini linaloelea hadi kwenye kope. Aliyejitengenezea mfumo wa kulifyonza kwa gharama nafuu anieleze ametumia feni ya aina gani na bomba la upana gani.

Pia wateja huniletea visu na bawaba za kusugua, nami nimekataa kwa kuhofia cheche kuwasha vumbi lililojificha ndani ya mashine. Je, kuisafisha kwanza kunatosha, au chuma kisiiguse kabisa?