Amosi 7: kwa nini nabii hakuomba mara ya tatu?

Wapendwa, shalom. Amosi anaona nzige, anaomba, Mungu anaghairi. Anaona moto unaokausha vilindi, anaomba, Mungu anaghairi tena. Halafu anaona timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka, na Amosi kimya! Mimi ni fundi mwashi, timazi naishika kila siku, na hapo moyo unaniuma. Rehema iliisha?

Jibu: Fundi, nzige na moto vingemaliza wote, hata mnyonge aliyeuzwa kwa jozi ya viatu (2:6). Ndiyo maana alilia kwamba Yakobo, yaani taifa la Israeli, ni mdogo. Timazi inapima kwanza, kisha vinatajwa vitakavyoangamizwa: mahali pa juu pa ibada, patakatifu na nyumba ya mfalme Yeroboamu.

Jibu: Endelea mstari wa 10. Kuhani Amazia wa Betheli anamfukuza arudi Yuda. Mtu aliyewaombea mara mbili! Na kweli Samaria, mji mkuu wa Israeli, ilianguka yapata 722 KK.

Muulizaji: Asanteni sana. Hilo la Amazia limenigusa. Lakini baada ya timazi hakuna neno la huruma?

Jibu: Lipo, mpendwa. 9:8, hataiangamiza kabisa nyumba ya Yakobo. Na 9:11, atakiinua kibanda cha Daudi kilichoanguka na kuziba palipobomoka.