"Dandy fever" ni homa gani? Nimekwama kwenye tafsiri

Wakuu, habari za jioni. Natafsiri shajara ya baharia Mwingereza aliyezunguka visiwa vya Karibi karne ya 19. Anasema nusu ya wenzake walilala hoi kwa "dandy fever". Kamusi yangu inasema dandy ni mtanashati. Sasa niandike homa ya watanashati? Neno limetoka wapi? Kazi naikabidhi Ijumaa.

Nusu_Kibao: Homa ya masharobaro 😂 Andika hivyohivyo.

Bi_Mkunazini: Mwanangu, hiyo ni dengue. Ilipozuka Karibi mwaka 1827, viungo na shingo vilimkakamaa mgonjwa akawa anatembea kwa maringo asiyoyataka, Waingereza wakaita dandy. Cuba wakaita dengue, neno ambalo kwa Kihispania lilishakuwa na maana ya madeko. Ila utamu uko huku kwetu. Homa hiyo ilipoingia Unguja mwaka 1870, daktari James Christie aliwasikia watu wakiiita kidinga pepo, na wazee wakamwambia iliwahi kupita miaka ya 1820. Akaandika mwaka 1872. Hoja yake ni kwamba jina lilivuka bahari na watumwa, Wahispania wakalivisha neno lao. Kamusi kubwa za Kiingereza bado zinaitaja hoja hiyo.

Nusu_Kibao: Kumbe! Mimi nilijua ndinga ni gari tu.

Mtu_wa_Newala: Shikamoo Bibi, lakini taratibu. Maneno kufanana si ushahidi. Tena wapo watafiti wanaosema homa ile iliyopita Unguja mwaka 1823 ilikuwa chikungunya, homa nyingine inayoenezwa na mbu, maana viungo viliuma muda mrefu. Hilo nalo ni jina la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu, lililoingia vitabuni baada ya mlipuko wa 1952 huku kwetu. Kwa hiyo huenda jina moja lilibeba magonjwa mawili.

Bi_Mkunazini: Marahaba. Sijasema imethibitishwa. Kwa tafsiri, kijana, weka kidingapopo, ndivyo Dar walivyoiita mwaka 2014 na 2019. Pepo aligeuka popo njiani, usiniulize vipi. Ila ule mwendo wa maringo usiuache, ndio utani wote wa mabaharia.

Mleta uzi (mrejesho): Asanteni. Nimeandika: "Nusu yetu tulilala kwa kidingapopo, na waliosimama walitembea kama mabwana harusi." Mteja amejibu sasa hivi: maringo ameyapenda, ila anauliza popo amepandaje melini.