Mjadala: Filamu za mapenzi kwenye visiwa vidogo vya Italia, zizuiwe Agosti?

Mtoa mada

Wadau, salamu. Naleta hoja, mnipinge kwa hoja.

Italia ina sheria ya filamu namba 220 ya mwaka 2016. Mtayarishaji hupewa nafuu ya kodi inayofidia kati ya asilimia 15 na 40 ya gharama zake. Mikoa nayo ina ofisi za filamu, Campania, Sardinia, Sisilia na kwingineko, zinazomsaidia vibali na mahali pa kupigia picha. Kwa hiyo ile filamu nyepesi tunayoijua sote, binti wa Milano kashuka kisiwani na viatu virefu, kakorofishana na mvuvi, wakapendana kabla likizo haijaisha, mlipakodi ana mkono wake humo.

Sasa tazama kisiwa chenyewe. Procida, karibu na Napoli, ni kilomita za mraba 4 na kidogo, wakazi kama 10,000. Wiki ya Ferragosto, sikukuu ya tarehe 15 Agosti, gati halipitiki. Hapo ndipo kikosi cha watu 60 hadi 80 kinapoingia na malori, jenereta, na kijana mwenye redio ya mkononi anayemzuia bibi asipite kwenda kununua mkate kwa sababu "tunapiga".

Hoja yangu: nafuu iendelee, lakini kwa sharti kwamba hakuna kupiga picha kwenye visiwa vidogo kuanzia Julai 15 hadi Agosti 31. Anayeitaka Agosti, ailipie mwenyewe.

KodiYangu

Unazunguka mbuyu. Swali la kwanza ni kwa nini vichekesho vya ufukweni vipewe hata senti moja ya umma.

Mtoa mada

Kwa sababu nafuu hiyo hufuata gharama zilizotumika. Haiulizi kama filamu inaliza au inachekesha. Filamu za kwanza za waongozaji wapya na zile ngumu kuuzika zina fungu lao jingine, linalogawiwa kwa kuchaguliwa na jopo. Ukitaka kufuta lote, fungua uzi wako.

bandarini

Mnaongea kama kwenda kisiwani ni kupanda daladala. Vyombo ni vya aina mbili. Kuna aliscafo, boti ya kasi inayoinuka juu ya mabawa yake, inayobeba watu na mabegi tu. Bahari ikichafuka hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa. Kuna traghetto, kivuko cha magari, ambacho huendelea kwenda hata siku ambazo boti ya kasi imefungwa kamba. Kosa la watayarishaji wageni ni kumpangia mwigizaji mkuu boti ya kasi asubuhi ileile ya kazi. Upepo wa libeccio ukivuma usiku kutoka kusini magharibi, kikosi kizima kiko kisiwani kimeshakunywa chai, mwigizaji mkuu yuko Napoli anasoma ubao wa safari zilizofutwa. Alale kisiwani usiku wa kuamkia. Na ratiba siku zote iwe na tukio la ndani la kukimbilia, jikoni au chumba cha hoteli, ambalo halimhitaji yeye.

Halafu magari. Kifungu cha 8 cha sheria ya barabara ya Italia kinaruhusu kuzuia magari ya wasio wakazi kwenye visiwa vidogo miezi ya watalii, na amri hutoka kisiwa kwa kisiwa. Lori la taa linaombewa ruhusa kwa namba yake. Likiharibika Pozzuoli, bandari ya bara, ukaleta jingine lenye namba tofauti, linabaki bandarini. Ombeni ruhusa ya lori la akiba tangu mwanzo. Vichochoro vya Procida havipishani magari mawili, kwa hiyo vifaa vinamalizia safari kwa Ape ya Piaggio, mzazi wa bajaji zetu. Alicudi ndiko kugumu kabisa: hakuna barabara, mizigo hupanda ngazi za mawe kwa nyumbu, na hapo jenereta kubwa usiliote.

Kinachowaudhi wakazi Agosti ni nafasi ndani ya kivuko. Kila lori la filamu linagombea sehemu na lori la mboga, la gesi, la maji ya chupa. Kamera yenyewe wameizoea. Naunga mkono hoja.

FundiTaa

Nawapa namba. Napoli iko karibu nyuzi 41 kaskazini ya ikweta. Tarehe 15 Agosti jua la adhuhuri hufika kama nyuzi 63 juu ya upeo. Tarehe 27 au 28 Aprili linafika hapohapo, na mchana una urefu uleule, saa 13 na dakika 45 hivi. Kwa jua peke yake, kamera haiwezi kuzitofautisha siku hizo mbili. Katikati ya Septemba linashuka hadi kama nyuzi 52, na hiyo ni neema. Mwishoni mwa Juni linapita nyuzi 72, na kwa saa za Italia hiyo ni saa 7 mchana: macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni. Filamu ya mapenzi isiyoonyesha macho ni tangazo la hoteli.

Ndiyo maana mafundi hutandaza kitambaa cheupe cha mita 6 kwa 6 juu ya meza ya tukio la chakula cha mchana. Kizuri, lakini hizo ni mita za mraba 36. Kikigeuka kuuelekea upepo wa mita 10 kwa sekunde, kinasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 200. Kila kona ifungwe kamba mbili zinazovuta pande tofauti, kila nguzo iwe na mifuko ya mchanga na mtu wake, na upepo ukikaribia mita 8 kwa sekunde kishushwe bila kubishana na mwongozaji. Visiwani upepo huamka alasiri, kwa hiyo tukio la meza lipigwe asubuhi, na saa za jua kali muingie ndani.

Aprili ina matatizo mawili. Kilima ni kijani kibichi wakati Agosti kimekauka rangi ya majani makavu. Hilo linadhibitiwa kidogo kwa kuchagua pembe na kusahihisha rangi. La pili ni maji: Aprili yana nyuzijoto 16 hivi, Agosti 26. Mtu aliyetoka kwenye maji ya nyuzi 16 midomo inakuwa ya zambarau na meno yanagongana, busu halipigiki. Mwisho wa Septemba maji bado yana kama 23, na kilima ni kikavu hadi mvua za kwanza. Unacholipa ni mchana mfupi: unapoteza saa moja na dakika 45 hivi kila siku ukilinganisha na katikati ya Agosti. Ratiba ya siku 36 inakuwa imepoteza saa 63 hivi, karibu siku sita za kazi. Hizo ziandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, zisije kugunduliwa wiki ya nne.

Nyenze

Jina langu linatosha kueleza upande wangu. Nyenze wa Mediterania huanza kelele joto likishapanda, mwisho wa Juni, na Agosti ndiyo kilele. Sauti yao iko juu, palepale zilipo "s" na "f" za maneno. Ukiwakata kwa kichujio, unakata na usikivu wa mazungumzo. Kuupiga mti au kuurushia maji huwanyamazisha dakika chache tu, tena ni mti ule mmoja.

Baya zaidi ni kwenye kuunganisha vipande vya filamu. Picha ya kwanza ya binti imepigwa saa 4 asubuhi, ya mvulana saa 9 alasiri, nyenze wameongezeka mara dufu. Ukiunganisha, kila sura ikibadilika kelele inaruka. Dawa: maikrofoni ndogo kifuani karibu na mdomo, dakika nzima ya sauti ya mahali kila pembe inapobadilishwa, na mwisho wa siku waigizaji wawili waingie chumba chenye magodoro ukutani warudie mistari yote wakati midundo yake bado iko kichwani. Waitaliano kwa miongo mingi walipiga filamu zao bila kujali sauti ya seti, wakaingiza maneno studio. Watazamaji walizoea. Wa leo wanaona mdomo ukichelewa.

Mei na Oktoba shida hii yote haipo.

Miavuli 40

Napinga. Wote mnaongelea jua na sauti, hakuna anayeongelea watu. Ufuo wa Agosti umejaa wenyewe. Oktoba wenye ufuo wameshang'oa vibanda, kwa hiyo unakodi miavuli 40, vitanda 80, na waigizaji wa ziada 60 wa kulipwa kila siku, waliovaa nguo za kuogelea huku wamejikunyata. Hoteli nyingi zimefunga, wapishi wamerudi bara. Filamu ndogo haina fedha hizo. Sharti lenu litawaachia visiwa wenye mifuko mirefu tu.

bandarini

Mkuu, huo ufuo wa bure una bei yake. Kila sura inayotambulika inahitaji karatasi ya ridhaa iliyosainiwa. Watu 200 wa ufukweni, nusu wanakaribia kupanda boti, nani atawakimbiza? Na ukiomba kufunga kipande cha maji kwa ajili ya tukio la mashua, Agosti Capitaneria, mamlaka ya bandari, ina kila sababu ya kusita. Vyumba vya watu 70 wiki ya Ferragosto ukivipata, ni kwa bei ya likizo. Mwenye hoteli ya Oktoba anafurahi kuongeza wiki sita za wageni ambao wangekuwa sifuri. Mlinganyo wako haujaweka upande huo.

posidonia

Mimi sipo upande wowote wa hapo juu, kwa sababu mwezi hautibu ugonjwa wenyewe. Stromboli, tarehe 25 Mei 2022: moto uliowashwa kwa ajili ya tamthilia ya televisheni uliwashinda, ukala zaidi ya hekta 200 za kisiwa. Agosti mwaka huohuo mvua kubwa ikashusha tope hadi ndani ya nyumba, kwenye miteremko iliyobaki bila mimea ya kuushika udongo. Angalieni tarehe: Mei. Kwa sharti la mtoa mada, ile ingepata nafuu yake yote.

Mtasema vichekesho vya mapenzi havina moto. Vina fataki za harusi, mienge ya ufukweni, jenereta yenye bomba la moshi la moto kando ya nyasi kavu. Jenereta ikae juu ya saruji au kokoto, majani yafyekwe pande zote, mitungi ya kuzimia moto iwe mkononi, na scirocco, upepo wa joto wa kusini mashariki, ikivuma, usiku wa fataki uahirishwe.

Baharini pia. Ischia, Procida na Vivara ziko ndani ya hifadhi ya bahari ya Regno di Nettuno. Chini kuna malisho ya nyasi bahari za posidonia. Nanga moja ya boti ya kamera inayoburutwa inang'oa mashina yanayokua sentimita chache kwa mwaka. Fungeni kwenye maboya, au nanga ishuke kwenye mchanga mtupu na mzamiaji aithibitishe.

Na uharibifu mkubwa huja baada ya kikosi kuondoka. Filamu ya Il Postino ilipigwa visiwa vya Procida na Salina, ikatoka 1994. Watu wanaendelea kuifuata Pollara ya Salina, ufuo mwembamba chini ya jabali linalobomoka, ambao bahari imeshakula sehemu yake kubwa. Kikosi kilikaa wiki chache, wageni wamekuja kwa miaka 30.

Mtoa mada

Hapo umenena, posidonia. Basi naongeza sharti la pili: anayepata nafuu alipie mlinzi wa moto na mkaguzi wa mazingira wa kisiwa kwa siku zote za kazi, mwezi wowote. Kuhusu wageni wanaofuata filamu, hiyo ni kazi ya ada ya kushuka kisiwani. Capri waliipandisha kutoka yuro 2.50 hadi 5 kwa msimu wa 2024. Mtayarishaji hawezi kudaiwa watalii wa miaka 30.

Mpwani

Tusiwaonee watu wa filamu peke yao. Angelo Rizzoli, mchapishaji na mtayarishaji wa filamu, ndiye aliyejenga hoteli kubwa Lacco Ameno, Ischia, miaka ya 1950, na hospitali ya kisiwa ipo hapohapo, ina jina la Anna Rizzoli. Mwongozaji Mario Camerini alipotengeneza vichekesho vyake vya likizo Ischia mwaka 1957, kisiwa kilikuwa kinakitaka hicho. Swali ni kisiwa kiko hatua gani. Kinachotafuta wageni na kinachozama kwa wageni haviwezi kupewa sharti moja. Waitaliano haohao wamejaa Malindi, Watamu na Kiwengwa. Siku wakija na kamera tutaulizana yaleyale.

KodiYangu

Na nani atakagua? Wataandika Septemba huku wamepiga Agosti.

bandarini

Hilo ndilo jepesi kuliko yote. Gharama za kudai nafuu hukaguliwa na mkaguzi wa hesabu. Kila siku ya seti ina ripoti: saa ya kuanza, matukio, idadi ya watu, chakula kilicholiwa. Kuna tiketi za kivuko zenye namba za malori, ankara za hoteli, na mafaili ya kamera yenye tarehe ndani yake. Kudanganya mwezi ni kughushi karatasi mia.

Na kwa wanaolilia hadithi: tegemeo la filamu hizi ni boti ya mwisho iliyowaacha wawili gatini. Agosti safari ni nyingi mpaka usiku, mtazamaji wa Napoli atacheka kwa sababu isiyokusudiwa. Oktoba ratiba imepunguzwa na bahari inafunga safari yenyewe. Mwandishi hahitaji kumchelewesha mtu kwa saa iliyosimama.

Miavuli 40

Sawa, na kikosi cha pili? Watu wanne, kamera moja, droni moja, siku mbili za Agosti kuchukua ufuo uliojaa kutoka juu, bila mwigizaji wala lori. Hicho nacho mnakizuia?

FundiTaa

Hicho mimi ningekiruhusu, kwa kibali cha anga na bila kurusha juu ya watu: droni ikae juu ya maji, lenzi ndefu, mapema asubuhi kabla upepo haujaamka. Ukipata picha nne za hivyo, miavuli yako 40 ya Oktoba inapungua kuwa 12.

posidonia

Si ndani ya hifadhi wakati ndege wako kwenye viota. Hapo mkaguzi wa sharti la pili ndiye mwenye neno.