Mashine ya hesabu ya kuzungusha: 8 + 5 inatoa 13, lakini 999 + 1 inatoa 900. Shida nini?

MjukuuWaIlala

Wakuu, habari za jioni.

Nimekabidhiwa kimashine cha babu mzaa mama, marehemu, aliyekuwa karani wa hesabu serikalini. Ni chuma kitupu, rangi ya kijivu imebanduka kwenye kona. Kimeandikwa kimetengenezwa Sweden ila jina la kampuni limefutika. Juu kuna vikono vidogo vya kutelezesha kwenye namba 0 mpaka 9, kulia kuna mkono wa kuzungushia, na chini kuna kitoroli chenye vidirisha vya jibu, kinasogea kulia na kushoto.

Nimejifunza kukitumia kwa kubahatisha. Naweka 8, nazungusha mara moja. Naweka 5, nazungusha. Kinatoa 13, safi. Ila 999 nikiongeza 1 kinatoa 900! Nikirudia, ni 900 ile ile. 90 nikiongeza 10 kinatoa sifuri tupu.

Nina maswali mawili. Kinatengenezeka, au nikiweke kabatini kiwe pambo? Halafu kijana wangu wa kidato cha pili ananibishia kama hii ni kompyuta au la. Kompyuta ya kwanza hasa ni ipi? Mtandaoni kila mtu anataja yake.

Kapera_Msomi

Mkuu, peleka kwa wanunua chuma chakavu, upate hela ya mboga 😂

Fundi_Mstaafu

Wewe Kapera kaa pembeni kwanza.

Mjukuu, mashine yako ni nzima. Kilichokwama ni kitu kimoja, na umekieleza vizuri kuliko makarani wengi walioniletea mashine na neno moja tu, "inadanganya". Nilikuwa fundi wa mashine za ofisi hapa Dar: taipu, mashine za kudurufu, na hizi za hesabu. Hizi ndizo nilizozipenda.

8 na 5 imekupa 13, kwa hiyo mamoja yanabeba vizuri kwenda makumi. Makumi yakitoka 9 kurudi 0 ndipo mamia hayapati habari. Ukifungua kifuniko utaona magurudumu ya jibu yamejipanga kwenye ekseli moja. Kati ya kila gurudumu na jirani yake wa kushoto kuna kikono kidogo cha chuma, chembamba, chenye springi. Gurudumu likivuka 9 kwenda 0, linakigonga kikono hicho. Chenyewe hakimsukumi jirani papo hapo. Kinajitega tu na kusubiri. Mzunguko unavyoendelea inapita pini ya ziada, ikikuta kikono kimetegwa inamsogeza jirani hatua moja, kisha kikono kinarudishwa mahali pake. Pini hizo za ziada hazikupangwa mstari mmoja. Zimepangwa kimshazari, ya makumi inapita kwanza, kisha ya mamia, kisha ya maelfu. Kwa hiyo 999 ikipata 1, habari inafika kwa zamu mpaka mwisho, ndani ya mzunguko mmoja wa mkono wako.

Kikono chako cha mamia kimeganda. Mafuta ya miaka mingi yakikauka yanakuwa gundi, na vumbi linamalizia. Chukua brashi laini, petroli kidogo, fanyia nje penye hewa na mbali na moto, safisha kikono mpaka ukikibonyeza kwa kucha kiruke chenyewe. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Tone moja! Mafuta ya kula usithubutu. Na mkono ukiuanza kuuzungusha, umalizie mzunguko wake. Ukiuacha katikati kitoroli kinajifunga, halafu watu wanaanza kutumia nyundo.

Sasa la kijana wako. Kompyuta ya kwanza watabishana mpaka kiama, kila mtu ana kipimo chake. Changu ni cha kifundi: nauliza, nani anabeba ile moja, mtu au chombo? Kujumlisha tarakimu mbili hakujawahi kumshinda mtengeneza mashine yeyote. Kubeba ndiko kulikowatoa jasho, kuanzia karne ya 17 mpaka leo.

Mjerumani Wilhelm Schickard, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tübingen, alimwandikia mtaalamu wa nyota Kepler mwaka 1623 kwamba ameunda mashine ya kujumlisha. Yake ilibeba kwa jino moja: gurudumu likimaliza mduara, jino linamsukuma jirani. Kwenye tarakimu moja au mbili, sawa. Kwenye 99999 ukiongeza 1, gurudumu la kwanza linatakiwa kuwasukuma wote kwa mkupuo, na meno yenyewe madogo. Ile aliyokuwa akimtengenezea Kepler iliungua moto mwaka 1624 kabla haijakamilika.

Blaise Pascal alianza yake mwaka 1642, kijana hata miaka 20 hajafika, baba yake akiwa mkusanya kodi kule Rouen, Ufaransa. Yeye aliona pale Schickard aliponasa. Badala ya gurudumu kumsukuma jirani, alifunga kikono chenye uzito: gurudumu linavyopanda kutoka 0 kwenda 9 linakinyanyua pole pole, likivuka kinaanguka, na kule kuanguka ndiko kunakompiga teke jirani. Nguvu anaitoa uzito, kidole chako hakichoki. Ujanja mtupu! Hasara yake ni kwamba mashine hairudi nyuma, kwa hiyo kutoa ulitoa kwa kuzungukia, kwa kutumia kijazo cha tisa, yaani kwa kila tarakimu unachukua kile kinachobaki kufika 9. Na fedha yao ilikuwa na denier 12 kwa sol moja na sol 20 kwa livre moja, ikabidi magurudumu mengine yabebe kwenye 12 na kwenye 20. Fundi wa leo umpe kazi hiyo atazima simu.

Mjerumani mwingine, Leibniz, akataka na kuzidisha. Aliionyesha mashine yake London mwaka 1673, bado haijakaa sawa. Ile aliyoikamilisha baadaye nayo kubeba kulimshinda nusu: tarakimu kadhaa zikifuatana kubeba, mashine inaachia njiani, inaonyesha alama, na mwenyewe unamalizia kwa mkono. Ilikuja kukutwa darini Göttingen mwaka 1879, mafundi wamepanda kuziba paa linalovuja.

Mashine yako, Mjukuu, ni ya ukoo wa Odhner, Mswidi aliyefanya kazi St. Petersburg katika karne ya 19. Ndani ya kila gurudumu la kuwekea namba kuna pini tisa zinazojificha; ukiweka 7, pini saba zinatokeza. Mwambie kijana azidishe 347 kwa 23: aweke 347, azungushe mara tatu, asogeze kitoroli hatua moja, azungushe mara mbili. Atapata 7981. Kisha afute, aweke 1, azungushe kinyume. Atasikia kengele, na vidirisha vitajaa 9. Hapo mashine imekopa tarakimu kwa tarakimu mpaka ukutani.

Bibi_Masijala

Fundi, umenikumbusha mlio wa ofisi yetu. Wizara ya Fedha ilifungiwa kompyuta mwaka 1965, ya kwanza nchini, ICT 1500. Lakini mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Vijana wa humu wakiambiwa hili wanadhani ni utani. Kwa hiyo sisi wa masijala na uhasibu tuliendelea kuzungusha, tena umeme ukikatika hatuna habari. Mwisho wa mwezi, chumba kizima kinanguruma mpaka chai inatikisika kwenye vikombe.

Fundi_Mstaafu

Shikamoo dada. Marufuku ile ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Wenzetu kwingine mafundi wa gia walishaanza kufunga maduka, sisi bado tunaagiza springi. Kilichokuja kutumaliza ni vikokotoo vya betri (siongelei kile cha mafao, hicho tuachieni wastaafu). Vilipokuja havikuwa na cha kufungua wala cha kusafisha.

Muhindo_Goma

Jambo wote. Mnaongea Ulaya tu. Mfupa wa Ishango je? Umetoka kwetu, pale mto Semliki unapotokea Ziwa Edward. De Heinzelin, Mbelgiji, aliukuta mwaka 1950, una mikwaruzo iliyopangwa kwa mafungu, na umri wake ni kama miaka 20,000. Sasa uko Brussels. Kwa nini usiitwe wa kwanza?

Fundi_Mstaafu

Ndugu yangu wa Goma, kwa kuhesabu mmetutangulia wote. Mikwaruzo ile wataalamu bado wanavutana inasema nini, ila kwa kipimo changu mfupa unatunza hesabu, haubebi. Ukifika kumi, mwenye mfupa ndiye anayejua.

Hata abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, iko hivyo, shanga hazisogei zenyewe. Lakini mkono uliozoea usiudharau. Novemba 1946 pale Tokyo walishindanisha Mjapani Kiyoshi Matsuzaki mwenye soroban, abakasi ya kwao, na askari wa Kimarekani mwenye mashine ya umeme. Soroban ilishinda raundi 4 kwa 1. Na mwaka huo huo Wamarekani walikuwa wameshatangaza kompyuta yao ya elektroniki, ENIAC, inayojumlisha mara 5,000 kwa sekunde!

binti_wa_chip

Shikamoo mzee Fundi. Nasoma uhandisi wa kompyuta na nimecheka peke yangu hosteli, kwa sababu wiki hii maabara tunafanya hicho hicho: kubeba.

Kwenye chipu tarakimu ni 0 na 1 tu. 1 na 1 unaandika 0, unabeba 1. George Stibitz wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu Marekani, alilijenga hilo mwaka 1937 juu ya meza ya jikoni kwake, relei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme), taa mbili za tochi na vipande vya kopo la tumbaku. Taa moja inaonyesha jibu, nyingine inaonyesha kilichobebwa. Ila ukiunganisha biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1, kwa mtindo huo, ya mwisho inasubiri 63 zilizotangulia, na chipu nzima inamngoja aliye mwisho wa foleni.

Kwa hiyo hatusubiri. Kila nafasi inajibu maswali mawili kabla ya kujumlisha: je, mimi nitabeba kwa vyovyote vile, yaani nina 1 na 1? Au nitapitisha tu nikiletewa, yaani nina 1 moja? Majibu hayo yakikusanywa pamoja, saketi ndogo ya pembeni inajua mapema nani ataletewa. Tunafunga biti nne nne, kisha mafungu ya mafungu. Prosesa hata ikimaliza, ile moja iliyokosa pa kwenda haitupwi, kuna biti maalumu ya kuikumbuka. Nadhani ndiyo kengele yako.

Swali langu: kwenye gia kuna aliyewahi kufikiria kutosubiri?

Fundi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ndiyo kengele yangu hasa, umeipata.

Na yupo. Charles Babbage, Mwingereza. Mashine yake ya kwanza, aliyoianza miaka ya 1820, ilibeba kwa zamu kama ya Mjukuu: vikono vinajitega, kisha mikono iliyopangwa kama ngazi ya mzunguko inapita kuvikusanya. Kwenye miaka ya 1830 alipoanza kuwaza mashine kubwa zaidi, ile ya kufuata maagizo ya kadi zenye matundu, akapiga hesabu ya muda, akaona zamu zitamla. Tarakimu zake zilikuwa nyingi mno. Akabuni utaratibu ambapo magurudumu yaliyosimama kwenye 9 yanaunganika kama fimbo moja. Wa chini yao akibeba, fimbo nzima inanyanyuka na wote wanasogea kwa wakati mmoja. Huyo mwenye 9 ndiye "anayepitisha" wako. Amekutangulia karibu miaka 200, na hakuwa na hata balbu.

Hiyo kubwa haikujengwa enzi zake. Ile aliyoichora miaka ya 1840 ya kukokotoa majedwali, ya tarakimu 31, Science Museum ya London waliijenga kwa michoro yake, na sehemu ya kukokotoa ikakamilika mwaka 1991. Ukiona video yake usiangalie mtu anayezungusha. Angalia nyuma, zile fito zinavyopanda kwa mawimbi.

Halafu kuna kituko kimoja. Chipu ile iliyotuua, Intel 4004 ya mwaka 1971, yenye transista (swichi ndogo mno za umeme) 2,300, ilianza kama oda ya Busicom, kampuni ya Kijapani iliyotaka kutengeneza mashine za hesabu za mezani. Yaani kazi yangu iliuawa na wenzangu wa kazi.

MjukuuWaIlala

Mzee Fundi, shikamoo na asante kwa madini. Nimefanya na petroli na brashi ya rangi ya maji ya mwanangu. Kikono kilikuwa kimeshika kabisa, sasa kinaruka. 999 na 1 inatoa 1000, na 99999 na 1 inatoa 100000. Kijana anasema kwa kipimo chako hii ni kompyuta, mimi nasema haisomi maagizo kwa hiyo siyo. Nani yuko sahihi?

Fundi_Mstaafu

Muulize: baada ya kuzungusha mara tatu, ni nani aliyejua kwamba sasa ni wakati wa kusogeza kitoroli? Akijibu vizuri, mpe bisibisi.