Mrejesho: anemoni niliyemkata kwa wembe

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hapa kama naweza kumkata anemoni wangu (mnyama laini wa baharini ninayemfuga kwenye tangi), yule mwenye ncha za mikono zilizovimba kama puto dogo (Entacmaea quadricolor), ili nipate wawili, au nisubiri agawanyike mwenyewe. Wengi mlisema nisubiri. Sikusubiri.

Nilimlaza juu ya kibao cha plastiki, mdomo juu, nikashuka na wembe mpya mara moja, katikati ya mdomo hadi kwenye mguu. Aliyenisisitiza kwamba kila nusu lazima ibaki na kipande cha mdomo, asante sana, hapo ndipo ningekosea. Alitoa ute mwingi ajabu, nikamsuuza kwa maji ya tangi lile lile. Nusu zote mbili niliziweka ndani ya kikapu chenye matundu, mkondo wa maji hafifu, joto nyuzi 25, kipimo cha chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganisha na maji baridi), na sikuzilisha kitu.

Siku tatu za kwanza zilikuwa kama nyama iliyokunjamana. Mke wangu alisema nitupe, tangi litanuka. Siku ya nne nusu moja ilishika jiwe. Ya pili ilichelewa, na umeme ulipokatika usiku mzima nilijua imekwenda. Asubuhi nikaikuta imejishikiza chini ya kikapu.

Leo ni siku ya 19. Nusu kubwa imefunga duara na juzi imemeza kipande cha nyama ya kamba, kidogo kama punje ya mchele. Ndogo bado ina mdomo wa upande, simlishi.

Pampu nimezifunga sponji, maana kubwa ameanza kutembea, asije akavutwa ndani.